Kioo Kinavyotaka Kukatwa: Madirisha ya Rangi Yanayoweza Kuanzwa Nyumbani

Msafiri afikaye Unguja kwa bahari, chombo chake kikiwa bado hakijafunga gati, huliona upande wa Mizingani jumba moja ambalo roshani zake za mbao zimechongwa kwa ustadi hata zikafanana na kazi ya sindano, na ambalo limepambwa kwa vioo vya rangi vinavyobadilika sura kila jua linapohama mahali. Hilo ndilo Dispensari ya Zamani. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan, naye akafariki mwaka 1891 bila ya kuliona limekamilika, kwa kuwa ujenzi ulikwisha mwaka 1894. Watu wengi husimama kulitazama kwa nje, wakazipiga picha nakshi za mbao, kisha wakaenda zao. Walakini haki ya kioo cha rangi ni kutazamwa kutoka ndani, maana kwa nje huwa cheusi na kimya mchana kutwa, na ni ndani tu ndimo kinamosema.

Naandika haya kwa sababu miaka michache iliyopita nilikuwa mmoja wa wale wanaoamini kwamba kazi hii ni siri ya mafundi wa makanisa ya Ulaya, haijifunzi mtu ila awe amezaliwa ndani yake. Kilichonigeuza ni dirisha dogo la juu ya mlango wa nyumba tunayokaa. Lina nafasi tisa. Tano zilikuwa bado na vioo vyake vya asili, vyekundu, vya kijani na vya manjano, na nne zilikuwa zimezibwa kwa vipande vya mbao za maboksi na mpangaji fulani wa zamani ambaye, yamkini, alichoshwa na upepo wa kusi. Nilikwenda kwa fundi vioo na vipimo mkononi, akaniambia kwa adabu kwamba alichonacho ni kioo cheupe na kile cheusi cha madirisha ya kisasa, na kwamba kioo cha rangi hakijapita mikononi mwake tangu aanze kazi. Basi nikaona kuwa ama mbao zile zitakaa pale hadi nyumba ianguke, ama mimi nijifunze.

Jambo la kwanza linalompasa mwanafunzi kulifahamu ni kwamba rangi ya kioo haikupakwa juu yake. Imo ndani, kama chumvi ilivyomo katika maji ya bahari. Kioo ni mchanga ulioyeyushwa pamoja na magadi na chokaa, na rangi huingia wakati wa kuyeyushwa, kwa kutiwa kiasi kidogo cha madini. Kobalti huleta buluu ile iliyokoza. Manganizi huleta zambarau. Chuma huleta kijani cha chupa. Shaba nyekundu huleta kijani au, tanuri likinyimwa hewa, wekundu mzito. Na dhahabu yenyewe, kwa kiasi kidogo mno, huleta wekundu wa punje za komamanga. Mafundi wa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 14 waligundua vilevile kwamba ukikipaka kioo dawa iliyotokana na fedha, kisha ukakirudisha motoni, hupata manjano isiyofutika, na kutokana na dawa hiyo Kiingereza kikaiita kazi nzima kwa jina la kutia doa. Lugha yetu imesalimika na utata huo: sisi husema vioo vya rangi, na jina linatosha.

Kuna njia tatu kubwa ambazo wanadamu wamezitumia kuishika rangi hiyo ukutani, na mtu wa pwani ana bahati ya kuwa karibu na mbili kati ya hizo. Ya kwanza ni ya mbao, ndiyo hii ya majumba yetu ya karne ya 19, ambamo seremala hugawa fremu kwa vijiti, akaacha nafasi za mraba au za tao, na kila nafasi ikapokea kipande kimoja cha kioo. Ya pili ni ya jasi, nayo ni fahari ya Yemen. Katika nyumba ndefu za Sana'a, juu ya kila dirisha la kawaida, hukaa nusu duara ya jasi iliyojaa vioo vya rangi, wanayoiita kamariya kwa kuinasibisha na neno la Kiarabu kamar, yaani mwezi, kwa kuwa hapo kale, kabla ya vioo kuwa vingi, walikuwa wakiweka mahali pale vibapa vyembamba vya jiwe laini jeupe lipitishalo mwanga mpole kama wa mwezi. Fundi wa Sana'a humimina jasi juu ya ubao, akaichora ingali mbichi, akaikata nakshi kwa kisu kabla haijashika, na ikikauka akavigandisha vioo upande wa nyuma kwa uji wa jasi hiyohiyo. Niliona kazi ya namna hiyo kwa mara ya kwanza katika picha, na nakiri kuwa mpaka sasa sijaona kitu kilichotengenezwa na udongo na mchanga kikaupita uzuri wake.

Njia ya tatu ni ya risasi, nayo ndiyo iliyojaza makanisa ya Ulaya. Fito za risasi zenye mifereji pande mbili hukizunguka kila kipande, zikaunganishwa kwa lehemu kila zinapokutana. Mtawa mmoja aliyejiita Theophilus aliandika katika karne ya 12 kitabu cha sanaa ambamo anaeleza kazi hiyo hatua kwa hatua: jinsi ya kuupaka ubao chokaa na kuchora juu yake dirisha zima kwa ukubwa wake halisi, jinsi ya kuandika herufi katika kila nafasi ili fundi ajue ni rangi gani ikae pale, na jinsi ya kukipasua kioo kwa chuma cha moto. Mwaka 1248 ilizinduliwa mjini Paris Sainte-Chapelle, ambayo kuta zake za juu karibu zote ni vioo, yenye madirisha makubwa 15 na picha zaidi ya 1,000 za visa vya Biblia. Nayataja haya si kwa kumtisha anayeanza, bali kwa kumwonyesha kwamba atakapoiweka karatasi yake mezani na kuandika namba katika kila nafasi, atakuwa akifanya jambo lilelile alilolifundisha yule mtawa, na kwamba katika muda wa miaka 900 hakuna aliyepata njia bora kuliko hiyo.

Lakini risasi ni nzito kwa mikono michanga, na inataka meza kubwa na vifaa vingi. Mlango wa nyumbani ulifunguliwa na njia nyingine, iliyopata umaarufu mjini New York mwishoni mwa karne ya 19 katika karakana za Louis Comfort Tiffany. Badala ya ufito wa risasi, kila kipande huzungushiwa ukingoni utepe mwembamba wa shaba nyekundu wenye gundi upande mmoja, kisha tepe hizo huunganishwa kwa lehemu, na kwa kuwa utepe ni mwembamba mtu aweza kutumia vipande vidogo kama ukucha. Hivyo ndivyo zilivyotengenezwa taa za Tiffany ambazo ulimwengu unazijua. Na ni haki kuongeza kuwa barua zilizopatikana zimethibitisha jinsi nyingi kati ya taa hizo zilivyobuniwa na mwanamke, Clara Driscoll, aliyeiongoza idara ya wanawake wakata vioo katika karakana hiyo, ilhali sifa yote kwa muda wa karne nzima ilikwenda kwa mwenye jina mlangoni.

Ushauri wangu kwa anayeanza, hata hivyo, ni kwamba asianze na Tiffany. Aanze na seremala wa Unguja. Maana yake ni hii: achukue kioo cheupe cha kawaida cha milimita tatu, kile kinachobaki kwa mafundi vioo na ambacho mara nyingi huachiwa mtu kwa bei ndogo, akae siku nyingi akikata mistari iliyonyooka na miraba, mpaka mkono wake ukizoee chombo. Mimi nilikata vioo vya namna hiyo kwa majuma matatu kabla ya kugusa kipande cha rangi, na sijutii hata siku moja kati yake, kwa sababu kazi nzima imesimama juu ya mkato. Mengine yote hurekebishika.

Chombo chenyewe ni kikatio cha kioo, ambacho wengine bado hukiita almasi kwa vile zamani ncha yake ilikuwa almasi kweli. Siku hizi ni kigurudumu kidogo cha madini magumu, nacho hupakwa mafuta mepesi au mafuta ya taa ili kiteleze. Watu husema kikatio hukata kioo, na kauli hiyo humpoteza mwanafunzi, kwani kigurudumu hakikati kitu: huacha juu ya uso wa kioo ufa mwembamba usioonekana vizuri, na kioo chenyewe ndicho kinachoukubali ufa ule na kupasuka kuufuata. Basi kikatio hushikwa kikiwa wima, kikaendeshwa kwa nguvu ile ile tangu ukingo hadi ukingo bila ya kusita njiani. Mkono ukifanya vyema utasikia sauti kama ile ya mwenye duka anapoichana kaniki baada ya kuipima kwa yadi. Ukisikia mkwaruzo, na ukaona vumbi jeupe na chembe zikiruka, umekandamiza mno. Na kamwe mstari haupitiwi mara mbili, hata kama umekuwa hafifu, kwa sababu ufa wa pili huvuruga wa kwanza, kigurudumu kikaharibika na kioo kikapasuka kitakavyo.

Baada ya hapo hushikwa kioo kwa mikono miwili, vidole gumba juu, kila kimoja upande wake wa mstari, na vidole vilivyokunjwa chini, kisha mikono ikageuzwa kwa nje kama mtu avunjaye kashata. Hupasuka kwa mlio mdogo mkavu. Hakuna furaha ninayoijua katika kazi za mikono ifananayo na ile ya mlio wa kwanza uliotii mstari.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona ndilo moyo wa makala haya. Kioo kina tabia yake, na tabia hiyo haibembelezwi: kinapenda kupasuka kwa mstari ulionyooka, kinakubali mviringo mpole, kinastahimili kupinda kwa nje kuliko kupinda kwa ndani, na kinakataa kabisa pembe inayoingia ndani, kwa mfano wa umbo la herufi L, kwa sababu ufa ukifika penye kona haugeuki bali huendelea mbele hadi ukingoni. Kosa la karibu kila mwanafunzi si la mkono, ni la kalamu. Anachora kama achoraye juu ya karatasi, kisha anakitaka kioo kifuate.

Kazi yangu ya kwanza ya rangi ilikuwa jahazi. Nilichora tanga limejaa upepo, mlingoti umeinama kidogo, na nyuma yake mbingu kipande kimoja cha buluu kilichozunguka tanga lote na kuingia katika pembe kati ya mlingoti na omo. Mchoro ulikuwa mzuri. Kile kipande cha mbingu kilivunjika mara tatu, kila mara palepale penye pembe, na kioo cha buluu ndicho nilichokuwa nacho kichache kuliko vyote. Nikaketi usiku na karatasi, nikauongeza mstari wa mlingoti mpaka ukafika ukingo wa juu wa dirisha, nikautoa mwingine katika ncha ya tanga hadi ukingo wa pembeni, na mwingine katika omo. Mbingu ikawa vipande vinne, kila kimoja na mizingo mipole isiyo na pembe ya ndani. Vyote vinne vikakatika siku moja. Na ajabu ni kwamba mistari ile niliyoiongeza kwa dharura ndiyo iliyoipa picha upepo wake, hata mtu aliyeliona jahazi hilo baadaye akadhani kuwa niliikusudia tangu mwanzo. Ukiyatazama madirisha ya kale kwa makini utaona mafundi wake walijua haya: mstari mweusi hupita katika mkunjo wa joho, katika shingo, katika tawi la mti, mahali ambapo kioo kilitaka kukatika na jicho lilikuwa radhi kuona mstari.

Kwa hiyo mchoro wa kwanza na uwe wa vipande 12 au 15, sentimita 30 kwa 30 si zaidi, na kila mstari ukutane na mwingine au ufike ukingoni. Ukishachorwa kwa ukubwa halisi hunakiliwa mara mbili. Nakala moja hubaki mezani kuwa ramani, na ya pili hukatwa vipande, kila kimoja na namba yake, ukikata ndani kidogo ya mstari ili ibaki nafasi ya kama milimita moja kwa ajili ya utepe. Vipande vya karatasi hubandikwa juu ya kioo, na kioo huchaguliwa, tafadhali, kwa kuinuliwa kwenye mwanga wa dirisha kitakapokaa, wala si kwa kutazamwa mezani. Nimeona kioo chekundu kilichopendeza dukani kikawa kama damu kavu kilipowekwa upande wa kaskazini, na kioo cha manjano kilichodharauliwa kikaijaza sebule nzima asali saa kumi za alasiri.

Kioo cha rangi madukani kwetu ni adimu, na wengi hulazimika kuagiza ng'ambo au kutafuta katika madirisha yaliyovunjwa. Chupa hazifai kwa anayeanza kwa kuwa zimepinda. Kioo cha gari cha pembeni, au kile cha meza kilichotiwa ugumu katika tanuri, hakikatiki kabisa: ukikigusa kwa kikatio na kukivunja hugeuka punje elfu moja.

Kingo za vipande husuguliwa kwa jiwe la kunolea lililoloweshwa, au kwa mashine ndogo ya kusagia yenye maji, kwani maji ndiyo yanayoizuia chengachenga ya kioo isiruke na kuingia kifuani. Miwani ya kukinga macho haiondolewi wakati wote huo. Kisha vipande huoshwa kwa sabuni, vikakaushwa, vikavishwa utepe, na utepe ukakandamizwa kwa kijiti laini mpaka ushike pande zote sawasawa. Vipande hupangwa juu ya ramani, vikazuiwa kwa misumari pembeni ya ubao visiteleze, tepe zikapakwa maji ya dawa yanayoifanya lehemu ishike, na hapo ndipo moto huingia.

Lehemu inayopendwa na wengi ina sehemu 60 za bati na 40 za risasi. Bati huyeyuka penye nyuzi 232 za selsiasi na risasi penye nyuzi 327, lakini zikichanganywa kwa kipimo hiki huyeyuka chini ya zote mbili, kwenye nyuzi zipatazo 190, nacho ndicho kinachoiwezesha kazi kufanyika juu ya kioo bila ya kukipasua, maadamu chuma cha kulehemia hakikawii mahali pamoja. Mstari wa lehemu ulio mzuri huinuka kidogo, mviringo na laini, kama mgongo wa nyoka. Wangu wa kwanza ulikuwa na vinundu, na nikauyeyusha upya.

Hapa nasihi kwa moyo wangu wote, kwa kuwa risasi ni sumu na sumu yake haina harufu wala ladha ya kumwonya mtu. Madhara yake kwa watoto ni makubwa kuliko kwa watu wazima, kwa sababu miili yao huifyonza zaidi na akili zao zingali zikikua. Basi meza ya kazi isiwe meza ya chakula. Madirisha yawe wazi na moshi usivutwe. Kusiliwe, kusinywewe wala kusivutwe sigara hapo. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na mja mzito akae mbali. Mwenye watoto wadogo katika chumba kimoja na anunue lehemu isiyo na risasi, ijapokuwa ni ghali zaidi na inataka moto mkali zaidi.

Yaliyobaki ni mepesi: kugeuza upande wa pili na kuulehemu, kuzungushia ukingo fremu ya bati au ya mbao, kuosha, na kupaka nta. Kwa kuwa kioo cha milimita tatu kina uzito wa kilo saba na nusu kwa mita moja ya mraba, kazi ya sentimita 30 kwa 30 haifiki kilo moja, na hivyo huweza kutundikwa kwa mnyororo mbele ya dirisha lililopo. Kulifanya kuwa dirisha lenyewe, likapigwa na mvua za masika na upepo, hilo ni daraja nyingine, linataka fito za risasi, saruji ya chokaa laini na mafuta ya kitani, na vyuma vya kulishikilia. Na anayelitamani asilikimbilie katika mwaka wake wa kwanza.

Zile nafasi nne za juu ya mlango wetu nilizijaza mwaka uliopita, mbili kwa kijani na mbili kwa manjano, kwa mikato iliyonyooka tu, katika vijiti vilevile vya seremala wa zamani. Wekundu sikuupata wa kufanana na ule wa asili. Kwa hiyo namwomba kila msomaji anayeishi katika nyumba ya kale, au anayekaribia kuibomoa: kabla fundi hajaitupa fremu ya juu ya mlango, vitoe vioo vyake taratibu, hata vilivyovunjika, uvifunge katika magazeti, uandike juu yake vilitoka wapi, na uviweke mahali pakavu.